5S si rangi ya ukutani: yasemwayo kuhusu kaizeni hospitalini, na ukweli wake

Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ndizo S tano: ondoa kisichohitajika, panga kilichobaki, safisha, weka utaratibu mmoja, udumishe. Ni mlango wa kaizeni, neno la Kijapani la kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma. Bango lenye maneno hayo limebandikwa kwenye hospitali na vituo vya afya vingi nchini Tanzania, Kanda ya Ziwa ikiwemo. Watumishi wengi walilikuta ukutani, hawakuelezwa limetoka wapi wala linataka nini, na kila mmoja akajitungia maana. Haya ndiyo maneno yanayosikika zaidi kwenye vikao na korido.

"Hayo ni mambo ya kiwandani. Mgonjwa si gari."

Si gari, na hakuna aliyesema ni gari. Ni kweli utaratibu wenyewe ulizaliwa Toyota, Japani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi wake Taiichi Ohno aliorodhesha aina saba za upotevu, yaani kazi, muda au mali isiyomfaidi mteja, na kungoja ni mojawapo. Lakini kabla ya kutufikia ulishapita hospitalini. Hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ilianza 5S mwaka 2000, tena bila utajiri wowote. Ndiyo iliyokuwa mfano wa mpango ulioletwa Tanzania kwa msaada wa Japani kupitia JICA, shirika lake la misaada ya maendeleo, ukaanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007.

Kinachopangwa upya si mwili wa mgonjwa. Ni safari ya faili lake, sampuli yake na miguu yake. Mchukue mama aliyevuka ziwa kutoka Nansio kuja kutibiwa Mwanza. Mapokezi, dirisha la malipo, kwa daktari, dirisha la malipo tena kwa ajili ya kipimo, maabara, arudi kwa daktari na majibu, dirisha la malipo kwa mara ya tatu, famasia. Chukua karatasi uandike saa aliyofika na saa aliyoondoka kila kituo. Dakika alizohudumiwa zitakuwa chache ukilinganisha na zile alizokaa kwenye benchi, na hakuna mtumishi hata mmoja aliyekuwa amekaa bure. Mama akikosa meli ya kurudi, atatafuta pa kulala mjini. Gharama hiyo haionekani kwenye hesabu za hospitali, iko mfukoni mwake.

"Ufanisi maana yake kila mtu awe bize muda wote."

Hapa ndipo viongozi wengi wanapopotea, na hesabu inawasuta. Chukua chumba kimoja cha daktari, wagonjwa wanaokuja bila mpangilio, na matatizo yanayochukua muda tofauti. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, daktari akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, wastani wa watu, aliye ndani na walio nje, ni 4. Akifika asilimia 90 wanakuwa 9. Akifika 95 wanakuwa 19. Kazi ya daktari imeongezeka kidogo tu kutoka 80 hadi 95, lakini foleni imekaribia mara tano. Kwa hiyo nafasi kidogo ya kupumua kwenye ratiba si uvivu. Ndiyo inayomeza dharura bila kuangusha siku nzima.

Kuna hesabu nyingine, fupi zaidi: watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara saa anazokaa kila mmoja. Wakiingia 20 kwa saa na kila mmoja akikaa saa 4, utakuwa na watu 80 jengoni. Punguza muda uwe saa 2, wanabaki 40. Kabla ya kuomba mabenchi mapya, uliza kwanza kwa nini wagonjwa wote wa kliniki ya kisukari wameambiwa waje saa moja asubuhi.

Uliza pia maabara. Vichupa vya damu vikisubiri trei ijae 20 ndipo vipelekwe, na kimoja kinatolewa kila dakika 3, kile cha kwanza kimengoja dakika 57 bila kosa lolote. Vipo vipimo vinavyolazimu sampuli nyingi kuingia mashineni kwa pamoja. Vingine ni mazoea tu.

"Ni ujanja wa kupunguza watumishi."

Kwetu huku, wapunguzwe akina nani? Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, ambayo viongozi wake walikwenda Japani kujifunza mwaka 2002, iliweka sera kwamba hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho. Walielewa kwamba mtu hawezi kukuonyesha upotevu ulio kwenye kazi yake akijua utamgharimu kibarua. Msimamizi anayehesabu hatua za muuguzi ili amwandikie barua afunge daftari lake tu, maana hataonyeshwa kitu tena.

"Stoo isiwe na akiba."

Toyota yenyewe haifanyi hivyo. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya miezi kadhaa ya chipu za kompyuta. Zahanati ya kisiwa cha Ukara inayotegemea boti haiwezi kuishi kwa mzigo wa leo. Linalotakiwa ni akiba yenye kipimo: visanduku viwili vya dawa ileile, cha kwanza kikiisha unaagiza huku unatumia cha pili, na inayokaribia kuisha muda inatangulia kutoka. Kukosa dawa ni upotevu, na kuichoma iliyoharibika stoo ni upotevu vilevile.

"5S ni usafi wa siku ya ukaguzi."

Wageni wakitangazwa, rangi inapakwa, droo zinabandikwa majina, wiki mbili baadaye mkasi uko kwenye droo ya pamba. Hiyo ni Safisha peke yake.

Mwaka 2004, hukohuko Virginia Mason, miaka miwili baada ya safari ya Japani, mgonjwa alidungwa dawa ya kuua vijidudu vya ngozini badala ya ile ya kuonyesha mishipa kwenye picha. Vimiminika vyote vilikuwa kama maji, kwenye vyombo visivyo na majina. Akafariki. Hospitali ilitangaza kosa hilo hadharani, na swali likawa ni nini kilichoruhusu vyombo vinavyofanana kukaa pamoja bila lebo.

Kwetu kikao cha namna hiyo mara nyingi huanza na "nani alikuwa zamu?" Yaliyopangwa kwenye trei ya dawa na vifaa hayaulizwi, na zamu inayofuata inayakuta vilevile. Anayejua trei inavyopangwa usiku ni muuguzi wa zamu na mhudumu wa usafi, na hao wawili ndio wasioitwa kwenye kikao.