Maandishi ya juu ya IC hayatoshi: tunachoangalia ni silikoni iliyo ndani

Malalamiko kuhusu IC feki (IC ni chipu, kile kipande cheusi chenye miguu kinachofungwa kwenye bodi ya elektroniki) yanazidi kuletwa kwenye maabara yetu ya elektroniki hapa Arusha, na wanaoyaleta ni watu makini: mafundi wa inveta na chaja za sola, wanaofunga umeme kwenye magari ya utalii, watengenezaji wa mashine za kutotolesha vifaranga kuanzia Tengeru hadi Moshi. Shida ni kwamba wengi hufika na kipande kimoja tu, kimeshapondwa kwa nyundo, hakina risiti, na wanataka jibu la kumpelekea muuzaji siku hiyo hiyo. Jibu la namna hiyo hatuwezi kulitoa. Inafaa basi tueleze kinachotafutwa ndani ya IC, kinachoweza kuthibitishwa na kisichoweza, na jinsi ya kutunza kielelezo ili kikubalike mbele ya mamlaka.

Ganda jeusi la IC ni epoksi iliyochanganywa na unga wa silika. Ndani yake kuna kipande cha silikoni, mara nyingi chenye upana wa milimita 1 hadi 5, kilichounganishwa na miguu kwa nyaya za dhahabu au shaba zenye unene wa mikroni 25 hivi, wembamba kuliko nusu ya unywele. Maandishi ya juu ya ganda huwekwa mwishoni, kwa wino au kwa leza, na mwenye msasa na mashine ya leza anaweza kuyafuta akaandika anachotaka. Mchoro wa kwenye silikoni hauwezi kuandikwa upya. Mabroka wa tanzanite wa mjini hapa wana desturi hiyo hiyo kwa jiwe: karatasi wanaisoma, lakini bei wanaitaja baada ya kuweka lupe, kioo kidogo cha kukuzia, jichoni.

Hata hivyo, kufungua IC ni kuiharibu, kwa hiyo vipimo vya nje hutangulia. Piga picha juu na chini, namba zote zisomeke. Sugua juu kwa pamba ya masikio yenye asetoni. Pamba ikitoka nyeusi, ganda limepakwa rangi upya. Tazama kishimo cha kuonyesha mguu wa 1: ganda lililopigwa msasa huwa na kishimo kisicho na kina, au kilichojaa rangi. Namba nne za tarehe husomwa mwaka kisha wiki, na wiki ya 54 haipo katika kalenda yoyote. Weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye mguu wa ardhi, mweusi upite miguu mingine mmoja mmoja. Kwa IC nyingi utasoma kati ya volti 0.4 na 0.7, kwa sababu karibu kila mguu una dayodi ya kinga ndani. Linganisha na IC unayoiamini. Ikiwa miguu yote haisomi kitu, huenda ganda halina silikoni kabisa, na hilo hutokea.

Kuna IC ambazo hujitaja zenyewe zikiwashwa. LM2596, inayoshusha volti kwenye chaja nyingi za magari, imebuniwa kufanya kazi kwa kilohezi 150, yaani mizunguko 150,000 kwa sekunde. Nyingi za feki zilizopachikwa kwenye bodi ndogo za bei ya chini hukimbia kwenye kilohezi 50 hivi. Koili ya mikrohenri 33 iliyo kwenye bodi hizo imepimwa kwa kilohezi 150. Masafa yakishuka hadi theluthi, mtikisiko wa mkondo huongezeka mara tatu, kiini cha koili hujaa sumaku, bodi huchemka, na fundi analaumu kapasita. Osiloskopu au mita yenye hezi inamaliza mjadala huo kwa dakika mbili. Kihisi joto cha DS18B20 nacho hubeba namba ya baiti 8: ya kwanza ni 28, na kwa zile halisi zilizochunguzwa baiti ya 6 na ya 7 huwa sifuri. Zisipokuwa sifuri, una nakala. Zikiwa sifuri bado hujathibitisha chochote, maana wapo wanaoiga hata hilo. Kwa mashine ya vifaranga hili si jambo dogo: kihisi halisi kinaahidi kosa lisilozidi nyuzi 0.5, na mayai hayavumilii zaidi ya hapo kwa siku 21.

Baada ya hapo ndipo tunafungua. Zenye kofia ya chuma ni rahisi: tupa hukata ukingo na kofia hutoka. Kwa ganda la epoksi njia tunayopendelea ni rozini, ile ile ya kahawia ambayo fundi huchovya ncha ya solda. IC huchemshwa ndani yake kwenye mrija wa kioo, nyuzi 320 hadi 350, chini ya bomba la kufyonza moshi, na rozini hubadilishwa ikishakuwa nyeusi. Ganda la miguu 8 huchukua saa moja au mbili; kubwa laweza kumaliza siku. Kisha husafishwa kwa asetoni. Ni polepole, lakini metali ya juu ya silikoni hubaki salama.

Asidi ya nitriki inayofuka hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na ndiyo ambayo vijana wameiona kwenye video. Tunasema wazi: msijaribu nyumbani. Nitriki hula nyaya za shaba, na ikiingia maji hula pia alumini ya kwenye silikoni, ndiyo maana kipande hakisuuzwi kwa maji kikitoka kwenye asidi. Mabaki ya nitriki na mabaki ya asetoni hayawekwi chupa moja hata kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo hulipuka. Asidi hizi ziko chini ya Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani Na. 3 ya mwaka 2003, na kuzimiliki bila usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali ni kosa. Tunazozitumia huingizwa kwenye maji kidogo kidogo (asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi), hutulizwa kwa magadi hadi pH ikaribie 7, na zinakabidhiwa kama taka hatarishi kwa sababu zimebeba shaba. Karo la nyumbani si mahali pake. Kuchoma ganda kwa tochi ya gesi nako kuna gharama: epoksi nyingi zina bromini ya kuzuia moto, moshi wake ni sumu, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo unaweza kuyeyusha yale maandishi uliyokuwa ukiyatafuta. Wanaouliza kuhusu eksirei wajue kwamba inaonyesha nyaya na ukubwa wa silikoni bila kuharibu, lakini haisomi maandishi, na mashine yake inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Hadubini ya shuleni haitakusaidia. Ile huangaza kutoka chini, na silikoni haipitishi mwanga unaoonekana. Utaona pande la giza. Inatakiwa hadubini ya metali, inayoangaza kutoka juu kupitia lenzi yenyewe. Ukuzaji wa mara 50 hadi 200 unatosha kusoma maandishi, na kamera za USB zinazojitangaza kuwa na mara 1000 hazifiki huko.

Sasa kusoma. Tunatafuta kwanza kama silikoni ipo, ukubwa wake, na kama ni kipande kimoja au viwili. Kisha jina au nembo ya mbunifu, namba ya ndani, na mara nyingi herufi M ndani ya duara pamoja na mwaka, alama iliyotokana na sheria ya Marekani ya 1984 ya kulinda michoro ya chipu. Mwishoni mchoro mzima hulinganishwa na wa IC iliyonunuliwa kwa wakala halali. LM324 ina vikuza mawimbi vinne, kwa hiyo mchoro wake unapaswa kujirudia mara nne; ukiona viwili, usiendelee kutafuta.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na tumelirudia hili hadi tumechoka. Mwaka wa kwenye silikoni ni mwaka wa mchoro. Sio mwaka wa kutengenezwa. IC ya 2019 yenye 1998 ndani haina kosa lolote. Nembo tofauti pia si lazima iwe wizi: Texas Instruments ilinunua National Semiconductor mwaka 2011, Microchip ikachukua Atmel 2016, Dallas iliingia Maxim 2001 na Maxim ikaingia Analog Devices 2021, na michoro ya zamani iliendelea kutumika. Namba ya ndani isiyofanana na ya juu ni kawaida, maana silikoni moja huuzwa kwa majina kadhaa kulingana na vipimo ilivyofaulu. Hata silikoni ndogo kuliko ya zamani haitoshi, kwa sababu viwanda hupunguza mchoro kila teknolojia inapobadilika. Msituletee picha ya intaneti moja na hukumu iliyokwisha andikwa.

Mfano unaoonyesha uzito wa kipimo hiki ni FT232RL, IC ya kampuni ya FTDI ya kuunganisha USB. Mwaka 2014 wachunguzi wa Zeptobars walifungua iliyoshukiwa wakakuta silikoni yenye neno SUPEREAL. Ilikuwa kompyuta ndogo iliyopangwa kuiga kazi ya FTDI, yenye mchoro usiohusiana kabisa na wa asili. Kwa nje zilifanana, na hata zilifanya kazi.

Lakini silikoni halisi haimaanishi IC nzima ni halali. IC iliyong'olewa kwenye bodi za skrapa, ikasafishwa na kuandikwa daraja la juu la joto au kasi, itakuwa na silikoni ya mbunifu mwenyewe. Hatuwezi kuona kwenye mchoro kwamba imetumika miaka kumi. Kwa hizo tunategemea msasa, rangi, lehemu ya zamani kwenye miguu, na vipimo vya umeme. Pia mkanda mmoja wa plastiki ambamo IC hupangwa zikiuzwa waweza kuchanganya halisi na feki, hivyo matokeo ya kipande kimoja hayahukumu mzigo wote.

Utaratibu ni huu. Leta angalau vipande vitano vya mkanda uleule, visivyotumika, kwenye kifungashio chake, pamoja na risiti ya mashine ya kodi (EFD). Vitatu hufunguliwa, viwili hubaki kielelezo. Vyote vinawekwa kwenye bahasha inayofungwa mbele yako, ikisainiwa na wewe na mpokeaji. Ripoti yetu inasema kinachoonekana. Haimtaji mtu kuwa mhalifu. Malalamiko ya alama ya mtu kutumiwa bila haki ni ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85. TBS, Shirika la Viwango, hushughulikia bidhaa kukidhi kiwango, na ofisi za kanda za taasisi zote mbili zipo Arusha. Kupeleka suala la moja kwa nyingine kunakupotezea wiki. Mkaguzi wa FCC anaweza kuingia dukani, kuchukua sampuli na kukamata mzigo. Kosa likithibitika kuna faini au kifungo, na mzigo huteketezwa. Muuzaji asiyejua ajiweke sawa mapema kwa kutunza ankara za alikonunua, kwani swali la kwanza atakaloulizwa ni hilo. Aliyenunua naye asiuze tena IC anazozishuku ili kurudisha fedha yake. Akifanya hivyo, yeye ndiye muuzaji.

Vipande viwili vilivyobaki hukabidhiwa kwa mkaguzi au kwa mwenye navyo, ndani ya bahasha ileile, kwa sahihi.