Jasusi, Mchimba Dhahabu na Msuluhishi wa Ndoa: Yale Tunayowadhania Watafiti wa Uzamili

Riziki yangu hutoka kwenye hojaji. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hufika Kisumu na maswali yake ya Kiingereza. Mimi huyaweka katika Kiswahili, mwenzangu huyaweka katika Dholuo, halafu mtu wa tatu ambaye hakuiona asili huyarudisha katika Kiingereza tuone ni wapi tulipopotea njia. Msimu mmoja niliwahudumia watatu kwa mpigo: mmoja wa lojistiki ya jeshi (namna jeshi linavyofikishiwa chakula na vifaa), mmoja wa ikolojia ya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe), mmoja wa saikolojia ya familia. Vijijini walikokwenda, wa kwanza aliitwa jasusi. Wa pili aliambiwa wazi kwamba watu wanajua anatafuta dhahabu, aache kuzunguka. Wa tatu aliletewa mume na mke waliokosana tangu Pasaka, awapatanishe kabla chai haijapoa.

Siwalaumu wanakijiji. Majina ya fani hizi yanatisha kuliko kazi yenyewe, ambayo mara nyingi huanzia jikoni: nani alikula nini, na nani alimbebea.

Eti lojistiki ya jeshi ni bunduki na siri za serikali

Neno la fani hii tunalo midomoni kwa zaidi ya miaka mia bila kulitambua. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi niliyemsaidia hakuwa na swali hata moja kuhusu bunduki. Maswali yake yalikuwa ya unga.

Hesabu yake aliniandikia nyuma ya hojaji iliyoharibika. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku tano na kurudi siku tano, amekula kilo 10 mwenyewe, askari aliye mbele amepata 15. Akienda siku kumi na kurudi kumi, askari amepata tano. Kambi ikiwa mbali siku kumi na tatu, mpagazi hana cha kumpa mtu. Hata hicho alichobeba hakimtoshi kurudi kwao. Na hapo hajabeba risasi wala sanduku la dawa. Kwa hiyo unahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, na hao nao wanakula.

Mbona wasitumie wanyama? Mbung'o aliwamaliza farasi, nyumbu na punda kwa maelfu. Reli je? Ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, lakini vita vilielekea kusini, kupita bonde la Rufiji hadi Msumbiji, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ulaya walikuwa wameshamaliza vita vyao wiki mbili nyuma.

Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliondoka na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi ulikuwa na mkono wake: uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu kwa haraka, ukaingia katika matumbo ya watu waliozoea wimbi, mtama au ndizi. Mwaka 1917, mahitaji yalipozidi, aliyepewa kazi ya kutafuta watu ni John Ainsworth, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Nyanza tangu 1907. Sidhani alichaguliwa kwa ujuzi wa mapigano. Alijua vijana walipo.

Kuhusu siri: nyaraka nyingi za wapagazi hao ziko wazi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, nayo ina matawi Kisumu, Nakuru na Kakamega. Kinachotakiwa ni subira na pua isiyoogopa vumbi. Na jeshi lenyewe haliioni fani hii kuwa ya kichinichini; Lanet, nje kidogo ya Nakuru, kuna Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi kinachotoa shahada kama vyuo vingine.

Eti mifupa ya Rusinga na Koru ni ya dinosari

Dinosari walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Visukuku maarufu vya Rusinga, Mfangano, Songhor na Koru, huku Kenya magharibi, vina umri wa miaka milioni 17 hadi 20 hivi. Anayetaka dinosari wa Kenya aende Turkana.

Eti Simbakubwa alikuwa simba

Hapa lawama ni ya jina. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza mnyama mla nyama aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita wakamwita *Simbakubwa kutokaafrika*. Kiswahili chetu kitupu, ingawa hilo "kutokaafrika" lililobanwa pamoja lingeniletea wino mwekundu darasa la nne. Mnyama huyo hakuwa simba, wala hakuwa na udugu na paka. Alikuwa wa kundi la hayenodonti, wala nyama wa kale waliokwisha bila kuacha mzao, na huenda kwa ukubwa alimzidi dubu wa barafu.

Ninachokipenda zaidi katika kisa chake ni mahali alipopatikana. Mifupa ilichimbwa Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, kwenye nchi ya miwa, lakini ugunduzi ulifanyika ndani ya droo. Taya lilikaa miongo kadhaa katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, bila mtu kulichunguza sana, hadi mtafiti aliyekuwa akitafuta kitu kingine alipovuta droo hiyo. Mtu akikuambia anakwenda kutafuta visukuku, usimdhanie sururu tu.

Eti Rusinga ilikuwa kisiwa, na zamani kote hapa palikuwa msitu

Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota Rusinga fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeitwa Proconsul. Mwaka 2015 wataalamu walimhamishia jina jipya, Ekembo. Wageni husimama pale, ziwa likimetameta nyuma yao, wakamwazia Ekembo akinywa maji ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni mtoto. Umri wake ni miaka laki nne hivi, tena katikati limekauka na kujaa upya. Maji haya tunayovulia omena yalianza kurudi miaka 15,000 hivi iliyopita. Siku za Ekembo, Rusinga ilikuwa mteremko wa volkano kubwa ya Kisingiri. Majivu ya volkano hiyo yalikuwa na chokaa nyingi, na ndiyo yaliyoihifadhi mifupa midogo, mbegu, hata visiki vya miti. Bila majivu hayo tusingekuwa na la kubishania.

Ikolojia ya visukuku ndiyo hiyo: huuachi mfupa ukae peke yake, unauuliza ulikuwa na majirani gani. Mwaka 2014 watafiti walieleza visiki na mizizi ya Rusinga iliyoonyesha msitu mnene uliofunga juu. Wengi wakaridhika: sokwe wa kale alikaa msituni, nyasi zilikuja baadaye sana. Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti uliokusanya ushahidi wa udongo na mimea kutoka maeneo kadhaa ya Kenya magharibi na Uganda, ukaonyesha kwamba nyasi za mbuga zilikuwepo kwa wingi tangu miaka milioni 21 hivi iliyopita, zaidi ya miaka milioni kumi kabla ya wakati uliodhaniwa. Msitu ulikuwepo, na nyasi zilikuwepo, kila kimoja na pembe yake.

Watu huuliza nyasi za wakati ule zinajulikanaje. Jibu liko sahanini. Mahindi, mtama na miwa hushika kaboni ya hewani kwa njia moja, pamoja na nyasi nyingi za mbuga. Mpunga, maharagwe, migomba na miti hutumia njia nyingine. Tofauti hiyo huacha alama katika udongo, na hupita kwenye chakula ikaingia hadi katika gamba la jino. Kwa maneno mengine, aliyelelewa kwa wali wa Ahero na aliyelelewa kwa ugali wa Kitale, kama kila mmoja angeshikilia chakula chake bila kuchanganya, meno yao yangewatofautisha. Tangu nielezwe hivyo siwezi kumwona mtu akitabasamu bila kuwaza alikula nini.

Ng'ambo ya hapo, kwenye rasi ya Homa, kuna Nyayanga. Matokeo yake yalitangazwa pia mwaka 2023: zana za mawe zenye umri kati ya miaka milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na pamoja nayo meno mawili ya Paranthropus, kiumbe ambaye hatutoki katika ukoo wake. Zana za kwanza tulizoea kuzihesabu kuwa za babu zetu peke yao. Sasa mwenye kisu hajulikani.

Eti barua ya chifu inatosha

Haitoshi. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya Kenya, na anayechimba visukuku hubanwa pia na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Chifu hupewa habari, kwa heshima, na mara nyingi yeye ndiye anayekuokoa ukiitwa mchimba dhahabu.

Eti saikolojia ya familia ni kupatanisha ndoa, tena ni elimu ya Wazungu kuhusu Wazungu

Kupatanisha ni kazi ya mshauri. Mtafiti huuliza, huhesabu na hutazama, na yule wangu alipoletewa wale wawili wa Pasaka alibaki ameshika kikombe asijue aanzie wapi.

Na hiyo ya Wazungu sikubali, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa duniani kuhusu malezi ilichunguzwa kwenye viwanja vyetu. Miaka ya 1950, mradi wa John na Beatrice Whiting ulilinganisha malezi katika jamii sita duniani. Mojawapo ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii, Kenya magharibi. Uganda, miaka hiyohiyo, Mary Ainsworth aliwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao, na kazi hiyo ikasaidia kuijenga nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake ambayo leo inasomwa kila mahali. (Si yule Ainsworth wa Nyanza. Mwanafunzi mmoja aliwachanganya kwenye rasimu yake nikacheka hadi machozi.)

Chukua watoto wa Kipsigis. Kulikuwa na dhana kwamba mtoto wa Kiafrika huketi na kutembea mapema kwa damu tu. Mwaka 1976 Charles Super alionyesha kwamba akina mama huwafundisha: wanawaketisha kwa makusudi, wanawashika mikono wapige hatua. Wanayofundishwa huyawahi, kutambaa, ambako hakuna anayewafundisha, hawakuwahi hivyo. Bibi yangu angeuliza kama ilihitajika ndege kulijua hilo, lakini nadharia ya damu ilikuwa na wafuasi wengi, na kuivunja kulihitaji vipimo.

Au wavulana wa Kijaluo wa kusini mwa Nyanza. Carol Ember, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitafuta wale ambao nyumbani hakukuwa na msichana mkubwa, hivyo wao wakapewa kuteka maji, kupika na kulea mtoto. Aliwakuta wana fujo kidogo kuliko wavulana wengine, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Kwa upande wa Waluhya wa Kisa, Thomas Weisner alichunguza jinsi watoto wanavyolelewa na kaka na dada zao, jambo ambalo vitabu vya wakati huo vilikuwa vikilipita kana kwamba mama yuko peke yake nyumbani mchana kutwa.

Eti ukikuta hakuna tofauti, umefeli

Tasnifu inapimwa kwa swali na njia. "Hakuna tofauti" ni jibu kama majibu mengine, na linamwokoa anayekufuata asirudie safari. Nimeona wanafunzi wakilificha ukurasa wa mwisho kama deni.

Eti kutafsiri hojaji ni kubadilisha maneno

Hii ni yangu, niruhusiwe. Mwanafunzi wa familia alikuwa na swali fupi kuliko yote: una ndugu wangapi? Niliandika hivyohivyo, nikaenda zangu. Siku ya kwanza ya majaribio, mzee mmoja karibu na Maseno alimwuliza, "Wa tumbo, wa boma, au wa chungu?" Mwanafunzi akanipigia simu. Wa tumbo ni waliozaliwa na mama mmoja. Wa boma ni pamoja na wale wa mama wakubwa na wadogo. Wa chungu ni wote wanaokula pamoja, akiwemo mtoto wa shangazi aliyeletwa asome na hakurudi. Mzee alikuwa na majibu matatu: wanne, kumi na mmoja, saba.

Jioni hiyo swali likawa maswali matatu. Msimamizi wake alilalamika kwamba hojaji imekuwa ndefu. Yule wa lojistiki, aliyekuwa akisubiri zamu yake mezani, aliuliza kama angeweza kuazima lile la tatu kwa ajili ya familia zilizompeleka babu Kariakoo, maana alitaka kujua, pale babu asiporudi, ni vinywa vingapi vilivyobaki kwenye chungu.