Hempu sio kichaka cha kufichia bangi

Kuna hoja moja haizeeki, eti hempu, ile jamii ya bangi inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, ikiruhusiwa watu watachomekea bangi ya kuvuta katikati ya shamba na polisi hawataona kitu. Jamani, wenye bangi yao ndo wangekuwa wa kwanza kukataa. Ni kweli mmea ni ule ule, Cannabis sativa, ila hempu ina THC, yaani ile kemikali ya kulewesha, kidogo mno, sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliweka mwisho asilimia 0.3 ya uzito mkavu, ukiivuta hulewi. Sasa hempu ya nyuzi inapandwa imebanana na madume yanaachwa humo humo, chavua yake inaenda na upepo mbali sana, ikilikuta jike la bangi linabeba mbegu na makali yanashuka, ndo maana wa bangi wanang'oa madume mapema. Ufaransa wanalima hempu miaka yote na bangi ya kujistarehesha bado marufuku. Wamarekani ndo wananichekesha, 1937 wakaibana hempu kwa kodi, afu 1942 vita imepamba moto wizara yao ya kilimo ikatoa filamu kuwabembeleza wakulima waipande, manake kamba za meli zimeadimika!