Jiji la vijana na vifo vya kiharusi

Juzi kwenye daladala ya Gongo la Mboto, jirani yangu wa kiti alipojua kazi yangu ni takwimu za magonjwa aliniuliza: "Daktari, kwani kiharusi kimeongezeka, au siku hizi tunakisikia tu?" Nilikuwa nashuka kituo cha Mombasa, nikamjibu juu juu. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza ujue namna tunavyohesabu. Wengi hufia nyumbani, wanazikwa bila daktari kuandika chanzo cha kifo. Basi tunakwenda kukaa mkekani na wafiwa na kuuliza. Ilianza ghafla? Upande gani ulilegea? Mdomo ulipinda? Mama mmoja wa Temeke hakunijibu kwa maneno. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akauachia mkono polepole mpaka chai ikamwagikia mkekani. "Hivi," akasema.

Kwa mahojiano ya namna hiyo, watafiti walihesabu vifo Dar, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini kati ya 1992 na 1995. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, Dar ilikuwa na vifo 88 vya kiharusi kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, Hai 33, Morogoro 27. England na Wales mwaka 1993: 8.6. Soma tena hiyo ya mwisho.

Utafiti uliofuata, wa 2003 hadi 2006, ulihesabu wagonjwa wapya. Dar 107.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 94.5. Ukiishia hapo utasema mjini na shamba ni yale yale. Lakini Dar imejaa vijana waliokuja kutafuta maisha, na Hai wamebaki wazee, ilhali kiharusi hupenda wazee. Ukizipima sehemu zote mbili kana kwamba zina mgawanyo mmoja wa umri, Hai inafika 108.6 na Dar inaruka hadi 315.9. Ujana wa jiji ulikuwa umeficha moto. Na vijana hao sasa wanaingia miaka ya hamsini.

Kinachoua hapa hasa ni presha isiyotibiwa, nyuma yake chumvi, unene, sigara, kisukari. Halafu kuna kuchelewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Sisi saa hizo wakati mwingine tunazimalizia kwa mganga. Ajabu ni kwamba watafiti walikuta wa Dar ndio wanaotaja zaidi majini na uchawi; wa Hai walitaja presha.

Je, hupungua? Hupungua sana. Japani kiharusi kiliongoza kwa kuua kuanzia 1951 hadi 1980, lakini tangu miaka ya 1960 wenzetu walianza kupunguza chumvi, kupima watu presha vijijini na kuwatibu, kikaporomoka. Mashine za hospitali zilikuja kusaidia baadaye.

Yule mama wa Temeke nilimuuliza kama marehemu alikuwa na presha. Aliingia ndani, akatoka na pakti ya vidonge. Kati ya kumi, vinne tu vilikuwa vimetumika.

"Alisema imeshashuka," akaniambia, akaanza kuukausha mkeka.