Betri ya pikipiki haishiki chaji? Pima kabla hujanunua nyingine

Asubuhi unabonyeza selfu, inalia "tik" basi. Wengi hapa Mtwara wanaamua papo hapo kwamba betri imekufa, wanatoa hela, na miezi miwili baadaye hiyo mpya nayo imelala. Betri mara nyingi ndiyo inayoumizwa. Mwenye kuumiza yuko kwingine: kwenye chaji, kwenye ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), au kwenye kitu kinachonyonya umeme usiku swichi ikiwa imezimwa. Tesita ya dijitali ya kawaida inatosha kumkamata.

Anza na betri yenyewe. Pikipiki ikae saa kadhaa bila kuwashwa, kisha weka tesita kwenye volti za DC, skeli ya 20, na waya zake kwenye vichwa vya betri. Ikisoma 12.6 hadi 12.8 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Ikisoma 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, seli moja kati ya sita imekufa, maana kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Hiyo usiihangaikie, badilisha.

Sasa acha waya za tesita palepale, bonyeza selfu. Betri nzima haishuki chini ya 9.6. Inayosoma 12.7 ikitulia halafu ikaporomoka hadi 7 ukibonyeza, sahani zake huwa zimeshika salfeti ngumu. Salfeti hiyo hujijenga betri ikiachwa na chaji pungufu wiki nyingi, kwa mfano pikipiki inayofungiwa ndani hadi msimu wa korosho.

Betri ikipita hapo, washa injini na taa kubwa, vuta resi ya kati, upime tena kwenye vichwa vya betri. Unataka kuona 13.5 hadi 14.8. Ikibaki kwenye 12 na pointi, chaji haifiki. Ikipita 15, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili kuwa DC na kuudhibiti) haidhibiti tena, na betri ya maji utaiona inakauka kila wiki. Chaji isipofika, chomoa soketi ya koili, yaani ile inayozalisha umeme ndani ya injini. Kwa pikipiki yenye waya tatu za njano, weka tesita kwenye volti za AC na upime mbilimbili: masomo yote matatu yalingane na yapande kadiri unavyovuta resi. Zima injini, weka tesita kwenye omu, gusa kila waya na bodi ya injini. Ikionyesha njia, yaani umeme unapita hadi kwenye bodi, koili imeungua na inashoti.

Kwa pwani yetu, hata hivyo, ningetazama soketi kabla ya kulaumu koili wala rektifaya. Pikipiki inayolala Shangani au Mikindani, au inayobeba samaki kila alfajiri, inakula chumvi mfululizo. Fungua soketi ya rektifaya uichungulie kwenye mwanga: pini zenye unga wa kijani, plastiki iliyogeuka kahawia na kulainika upande mmoja. Pini yenye kutu inazuia umeme, inapata joto, na joto linailegeza zaidi. Kuthibitisha, rudisha soketi na uweke tesita tena kwenye volti za DC; injini ikiwa inaunguruma, weka waya mmoja wa tesita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye waya wa chanya unaotoka rektifaya. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka betri hadi bodi ya rektifaya. Boliti ya ethi ifunguliwe, ikwanguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, ikazwe, ndipo upake grisi juu. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri usafishe kwa maji ya magadi, ila yasiingie ndani ya seli.

Chaji ikiwa safi na bado betri inalala, tafuta kinachonyonya. Zima swichi, fungua waya wa hasi, weka tesita kwenye ampea 10, iunganishe kati ya waya huo na kichwa cha hasi. Usiwashe swichi wala kubonyeza selfu ikiwa hivyo, fyuzi ya tesita inaweza kukatika au tesita yenyewe kuungua. Pikipiki isiyo na alamu isome karibu sifuri. Miliampea 50 zinaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni 1.2 Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji): betri ya 5 Ah inaisha kwa siku nne hivi. Chomoa kimoja kimoja: alamu, chaja ya simu, redio. Chomoa na rektifaya. Namba ikianguka hapo, dayodi zake, zinazopaswa kuzuia umeme usirudi nyuma, zinavuja.

Kuna pia matumizi tu. Spotilaiti mbili za wati 20 zinakula karibu ampea 3, na injini ikiunguruma polepole bila resi (sailensa) kijiweni, koili haifidii. Safari fupi za mjini zenye selfu kila mara zinamaliza kilichobaki.

Kuchaji nje, tumia sehemu moja ya kumi: betri ya 5 Ah ichajiwe kwa ampea 0.5, saa kumi hivi ikiwa nusu au chini yake. Chaja kubwa ya magari inaichemsha. Betri ya maji ikipungua, ongeza maji ya betri peke yake hadi mstari wa juu, si asidi, na kamwe si maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, na kloridi yake inakula sahani kimyakimya.