Izuku Midoriya, kijana anayesahau kujihesabu

Mtoto wa miaka 4 ameketi gizani mbele ya kompyuta. Anatazama video ileile anayoitazama kila siku: mwanamume wa miraba minne anatoka kwenye moto na moshi, amebeba watu mgongoni, na anacheka. Siku hiyohiyo daktari amesema kwamba mtoto huyu hana karama, ile nguvu isiyo ya kawaida waliyo nayo wenzake, na hatakuwa nayo. Machozi yanamlengalenga. Ananyoosha kidole kwenye skrini, anamuuliza mama yake kama na yeye anaweza kuwa shujaa wa namna ile. Mama anamkumbatia, analia, anamwomba msamaha. Basi. Swali linabaki bila jibu.

Nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na jioni nasaidia vijana wanaoandika hadithi na katuni zao. Wengi wao walimfahamu Izuku Midoriya, mtoto huyo wa katuni ya Kijapani, kabla hawajanifahamu mimi. Wanaponiletea miswada namwona yumo humo, kwa jina jingine: kijana mpole, hajiamini, analia upesi, na mwishoni anawazidi wote kwa nguvu. Wamechukua nguo yake wakaacha mwili. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Ikiwa bado hujamaliza hadithi, ishie hapa, kwa sababu nitakwenda hadi mwisho wake.

Katuni hiyo, au manga kama Wajapani wanavyoiita, ni *Boku no Hero Academia* ya Kohei Horikoshi; ilianza kutoka Julai 2014 katika jarida la Weekly Shonen Jump, ikaisha Agosti 2024 baada ya sura 430. Katika ulimwengu wake, watu karibu 8 katika kila 10 huwa na nguvu fulani isiyo ya kawaida. Nguvu hiyo inaitwa kosei, neno ambalo Wajapani hulitumia pia katika maisha ya kila siku kwa maana ya upekee wa mtu, kile kinachomtofautisha na wenzake. Mimi naiita karama. Lakini usisahau maana ile ya kwanza, maana humo ndimo uchungu ulimo: mtoto akiambiwa hana kosei, ni kama ameambiwa hana hata kinachomfanya awe yeye. Daktari alithibitisha kwa picha ya eksirei ya kidole kidogo cha mguu. Izuku alikuwa na kiungo cha ziada pale, alama ya watu wa zamani. Ndoto ya mtoto imezimwa na kidole cha mwisho cha mguu.

Kisha jina. Rafiki yake wa utotoni, Katsuki Bakugo, aliona kwamba herufi za jina Izuku zinaweza kusomeka pia Deku, na deku kwa Kijapani inakumbusha mwanasesere wa mti, mtu gogo asiyefaa kwa lolote. Likamganda. Miaka baadaye, msichana aitwaye Ochaco Uraraka analisikia kwa mara ya kwanza, hajui kwamba ni tusi, anasema kwamba linasikika kama neno la kumtia mtu moyo. Izuku hapohapo analikubali, na baadaye shuleni analiandika kama jina lake la ushujaa. Hapo nawaambia wanafunzi wangu watulie kidogo. Jina halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mdomo ulioliita.

Sasa tuje kwenye wema wake, ambao watu wengi huupita haraka kana kwamba unajieleza wenyewe.

Kuna kisa cha utotoni kinachorudiwa mara nyingi katika hadithi. Watoto wanavuka gogo juu ya kijito, Bakugo anateleza na kuanguka majini. Wengine wanacheka, wanasema yule ni hodari, hana shida. Izuku peke yake anaingia majini, anamnyooshea mkono, anamuuliza kama ameumia. Bakugo anachukia. Anaona amedharauliwa na mtu wa chini kuliko wote, na chuki hiyo inamtafuna kwa miaka. Ukiwa mwandishi, kisome tena kisa hicho. Wema wa Izuku haukupokelewa kwa shukrani, ulipokelewa kama kofi. Na yeye hakuuacha.

Sura mojawapo ya mwanzo inakwenda mbali zaidi. Izuku, sasa ana miaka 14, amekutana ana kwa ana na All Might, yule yule mwanamume wa kwenye video, na amemuuliza lile swali lake. All Might amejibu kwa upole kwamba bila nguvu haiwezekani. Kwa hiyo swali limejibiwa sasa, na jibu ni hapana. Muda mfupi baadaye Bakugo anakamatwa na zimwi la tope linalomziba pumzi. Mashujaa wenye leseni wamesimama, wanasubiri mwenye karama inayofaa. Izuku anakimbia. Anarusha begi lake la shule, linalipiga zimwi jichoni, anachimbua tope kwa kucha. Hana mpango. Anasema miguu ilikwenda yenyewe, na kwamba aliona sura ya mwenzake ikiomba msaada. Hapo ndipo All Might anarudi kumwambia kwamba anaweza kuwa shujaa, na kijana anapiga magoti barabarani akilia.

Ukiishia hapo utasema: ana moyo mzuri, amezawadiwa nguvu. Wengi huishia hapo. Mimi naona Horikoshi ameficha kitu ndani ya tukio lilelile alilotufanya tulishangilie. Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kukimbilia kifo? Kwa sababu alishaamini kwamba hana thamani. Mtu anayejiona si kitu hana cha kupoteza anapojitoa. Wema wake na kutojiamini kwake vimeota kwenye shina moja, na ndiyo maana huwezi kung'oa kimoja bila kutikisa kingine. Anayelitambua hili waziwazi ni Bakugo, tena baada ya muda mrefu: anasema kwamba Izuku hajiingizi kwenye hesabu. Anawahesabu wote, anajisahau mwenyewe. Ndiyo maana Bakugo alimwogopa tangu pale kijitoni.

Ukishalishika hilo, majeraha yake yanaanza kusomeka. All Might anamrithisha nguvu iitwayo One For All, iliyopita kutoka mrithi hadi mrithi pamoja na karama zao, lakini kwanza anamsafishisha ufuo uliojaa takataka kwa miezi 10, avute friji na matairi hadi mwili upate umbo la kubeba urithi huo. Katika mtihani wa kuingia shule ya mashujaa ya U.A., ambako alama hupatikana kwa kuvunja maroboti, Izuku hajapata hata alama moja ya kupambana. Roboti kubwa linakuja, lile lisilo na alama yoyote, na Uraraka amenaswa chini ya kifusi. Anaruka, analivunja kwa ngumi moja, na anavunjika miguu yote miwili na mkono. Anafaulu kwa alama 60 za uokoaji. Tunashangilia, na kwa kushangilia tunasaidia kumfundisha kwamba hiyo ndiyo bei yake halali.

Kwa hiyo anaendelea kulipa. Katika tamasha la michezo anapambana na Shoto Todoroki, kijana aliyekataa kutumia moto wake kwa kuwa ameurithi kwa baba ambaye yeye anamchukia. Izuku anavunja vidole vyake kimoja baada ya kingine, na katikati ya pambano anaacha kutafuta ushindi, anaanza kumpigia kelele mpinzani wake kwamba moto ule ni wake, si wa baba. Todoroki anauwasha. Izuku anashindwa. Tukio hili nalipenda kuliko yote ya mwanzo, kwa sababu anamwambia mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe hajaliamini: nguvu uliyorithi ni yako. Na halipiti bila gharama. Recovery Girl, bibi mwenye karama ya kuponya, anakataa kutibu tena majeraha ya namna hiyo. Mkono wa kulia unabaki na kovu na vidole vilivyopinda, na msanii anauchora hivyo sura baada ya sura hadi mwisho. Wanaoniletea katuni, tazameni huo mkono. Wahusika wenu hupona usiku mmoja.

Mabadiliko ya kwanza ya kweli yanatokea jikoni. Mwalimu mzee aitwaye Gran Torino anauma taiyaki, ule mkate wa umbo la samaki, ambao Izuku ameupasha kwenye maikrowevu. Upande moto, upande bado barafu. Mzee analalamika, na Izuku anaelewa kosa lake mwenyewe: amekuwa akiivuta nguvu kwenye sehemu moja ya mwili, kama kitu cha kuazima unachokitoa kabatini siku ya sherehe. Anaanza kuieneza mwili mzima, asilimia 5 tu. Mzee alishamwambia kwamba kumhusudu All Might kupita kiasi kumekuwa pingu. Heshima nayo inaweza kumfunga mtu: kijana akiona nguvu ni ya mwenyewe aliyempa, ataitumia kama mgeni hata ndani ya mwili wake.

Baadaye kambini anamwokoa mtoto Kota mikononi mwa muuaji wa wazazi wake, na mikono inasagika vibaya hata daktari anaonya kwamba majeraha mengine machache ya aina hiyo yataipooza. Hapo anahamia kwenye mateke. Msomaji anapata mtindo mpya wa kupigana, lakini mimi naona kijana aliyelazimishwa kuuwekea mwili wake akiba.

Na hapa mama anarudi. Naomba nikae naye, kwa sababu watu humsahau. Inko Midoriya ndiye aliyeshindwa kujibu swali la mwanawe. Mtoto alipokubaliwa U.A., mama alichukua mchoro wa vazi aliouona kwenye daftari lake, akaushona kwa mikono yake, akamwomba radhi kwa usiku ule. Halikuwa vazi la kisasa. Izuku akalivaa. Lakini baada ya ile mikono kusagika mama anakataa asirudi shuleni, na anapofika All Might nyumbani kuomba, mama hamtaki ajitoe mhanga kwa ajili ya mwanawe. Anamtaka aahidi kuishi, amlee na kumlinda. Katika hadithi nzima, huyu ndiye mtu mzima wa kwanza kusema wazi kwamba shujaa anatakiwa arudi nyumbani akiwa hai.

Mwanawe hakulisikia bado. Karama za waliomtangulia zinapoanza kumfungukia moja baada ya nyingine, naona hadithi inakimbia mno na sina mengi ya kusema juu yake. Ila anapoondoka shuleni, akiwaachia wanafunzi wenzake barua, kasoro yote ya moyo wake inaanikwa juani. Adui mkubwa anamwinda, kwa hiyo kwa hesabu yake wengine watakuwa salama asipokuwapo. Vazi limechafuka na kuchanika, kitambaa kimemziba uso, hali, halali. All Might anamletea chakula, naye anamwacha nyuma kwenye mvua. Hapo wema umefika mwisho wa njia yake ukiwa peke yake, na umeanza kufanana na ugonjwa.

Wanaomrudisha ni wenzake wa darasa, na hawamrudishi kwa kumsifu. Wanamzuia kwa nguvu, wanamshika. Bakugo anainamisha kichwa, anamwomba radhi kwa yote, anamwita Izuku na siyo Deku. Jina lilelile tena, safari hii limewekwa chini na aliyelibuni. Mwili wa Izuku unaishiwa nguvu. Kisha watu waliokimbilia shuleni wanagoma asiingie, wakiogopa ataleta hatari, na Uraraka anapanda juu ya paa na kipaza sauti kuwaomba wamtazame vizuri: ni mwanafunzi tu, amejaa tope, anahitaji mahali pa kupumzika. Kota mdogo anapenya umati kumfikia. Yule aliyewahi kuokolewa anakuja kumshika mkono. Izuku hashindi chochote katika sura hizo. Anakubali kupokelewa, na kwangu mimi hicho ndicho kilele cha makuzi yake, kuliko pambano lolote.

Ndiyo maana mwisho, uliowaudhi baadhi ya wasomaji, mimi naukubali. Anapambana na Tomura Shigaraki, kiongozi wa wahalifu, anaona ndani yake mtoto anayelia aitwaye Tenko, yaani Shigaraki mwenyewe alivyokuwa utotoni, na kama pale kijitoni hawezi kupita bila kunyoosha mkono. Safari hii lakini anajua anachotoa: anaiachia One For All yenyewe, kidogo kidogo, hadi inakwisha. Miaka 8 baadaye ni mwalimu U.A. Marafiki zake watakuja kuchangia gharama ya vazi la kisasa litakalomrudisha kazini, na All Might ndiye atakayemletea. Lakini hilo bado halijafika. Kwanza, akiwa mwalimu tu asiye na karama, anakutana na mtoto anayejitilia shaka, na mtoto anamuuliza kama na yeye anaweza kuwa shujaa.

Izuku anamjibu ndiyo.