Kuokoka hakufuti deni la watu

Wako wanaoamini kwamba mtu akiokoka, ya nyuma yote yamekwisha, hata pesa za watu. Si kweli. Msamaha wa Mungu ni wa bure, haununuliwi kwa kulipa. Lakini aliyepunjwa bado amepunjwa. Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia, katika Luka 19:8, aliahidi kurudisha mara nne, ilhali sheria ya Hesabu 5:7 ilidai kiasi kilekile na sehemu ya tano juu yake.

Mchukulie muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, aliyezoea kupimia kwa sado, yaani kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako. Kwanza aitupe sado hiyo, leo hii. Kisha aandike majina anayoyakumbuka, amfuate kila mmoja faraghani, ataje kiasi na siku ya kulipa.

Wengi hukwama hapa: huahidi kulipa zote kwa mkupuo, hushindwa, huona aibu, mwisho huacha ibada. Afadhali elfu mbili kila wiki, bila kukosa. Wengine hukiri madhabahuni na kuwataja walioshirikiana nao dhambini. Huko ni kuwaumbua wenzao, na inauma sana kuona ndoa ya mtu ikivunjika kwa ushuhuda wa mwingine. Anayedai akikataa kusamehe, alipwe vilevile.